Kromosomu iliyokosa kutengana si ugonjwa wa ukoo

Kwa Mhariri,

Ninaandika kuhusu neno moja lililotumiwa katika ukurasa wenu wa afya mwezi uliopita, pale mwandishi alipoieleza hali ya Down, ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo huathiri ukuaji wake na uwezo wake wa kujifunza, kuwa ni “ugonjwa wa kurithi”. Sina shaka kwamba neno hilo liliandikwa kwa nia njema, na sehemu kubwa ya makala ile ilinipendeza, hasa pale ilipowahimiza wazazi wasiwafiche watoto wao nyumbani. Hata hivyo, nimefundisha Biolojia katika shule za upili kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na nimeshuhudia hapa Buruburu jinsi neno hilo moja linavyoweza kuvunja nyumba. Naomba nafasi ya kulisahihisha, na naomba nafasi hiyo isiwe finyu sana, kwa kuwa kosa hili haliwezi kusahihishwa kwa mstari mmoja. Ni lazima mtu aelezwe jinsi kromosomu zinavyotengana seli inapogawanyika.

Jirani yangu, binti mwenye umri wa miaka 26, alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka jana. Daktari alipomtazama mtoto aliagiza damu yake ipimwe, na baada ya majuma kadhaa mama akapewa karatasi iliyoandikwa “47, XX, +21”. Hakuelezwa zaidi ya hapo, ila aliambiwa kwamba ni “mambo ya kromosomu”. Alinijia na karatasi hiyo kwa sababu tangu utotoni ananiita Mwalimu, nami nikamweleza kadiri nilivyoweza. Kisha makala yenu ikatoka. Mama mkwe wake aliikata, akaja nayo, akaisoma mbele ya wazee wa pande zote mbili na kusema: “Kwetu hajawahi kuzaliwa mtoto wa namna hii. Gazeti limesema ni wa kurithi. Basi ametoka kwenye damu yenu.” Jioni ile wazee walihesabu mashangazi, wajomba na mababu wa binti yule, wakitafuta ni nani aliyekuwa mgonjwa. Hawakumpata, kwa kuwa hakuwepo. Mumewe sasa analala kwa kaka yake Kayole.

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Kromosomu ni uzi mrefu sana wa DNA, yaani kemikali inayobeba maelekezo ya urithi, uliokunjwa pamoja na protini. Nyuzi zote za seli moja zikinyoshwa na kuunganishwa hufikia urefu wa takriban mita 2, ilhali zinakaa katika kiini kisichoonekana kwa macho. Seli inapojiandaa kugawanyika hunakili kila uzi, hata kila kromosomu ikawa na nakala mbili zinazofanana kabisa. Nakala hizo haziachani mara tu zinapoundwa, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi walipopotea, mpaka nilipoanza kuja darasani na leso.

Anayenunua leso pale Biashara Street hupewa doti, yaani vipande viwili vyenye nakshi ile ile, pindo lile lile na jina lile lile, vilivyopigwa chapa kwenye kitambaa kimoja na ambavyo bado havijakatwa. Kromosomu iliyojinakili ni doti ya namna hiyo. Kinachounganisha vipande vyake viwili ni pete za protini iitwayo kohesini, ambazo huzizunguka nakala zote mbili na kuzishika pamoja kuanzia wakati wa kunakiliwa hadi wakati wa kutengana. Kazi yote ya kugawanya seli ni kuhakikisha kwamba doti haikatwi kabla ya wakati, na kwamba inapokatwa, kipande kimoja kinakwenda upande huu na kingine upande ule, bila upande wowote kupata viwili wala kukosa.

Mtu wa kwanza kuyaeleza haya kwa makini alikuwa Mjerumani Walther Flemming, aliyefanya kazi katika mji wa Kiel na kuchapisha kitabu chake mwaka 1882. Alitumia viluwiluwi vya salamanda, mnyama afananaye na mjusi ambaye seli zake ni kubwa, akazitia rangi, akaziona nyuzi zikijipanga katikati ya seli kisha zikiachana kuelekea pande mbili. Aliupa mgawanyiko huo jina la mitosisi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Alichokiona ni matokeo tu. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya wanasayansi kuelewa kinachozivuta nyuzi hizo na kinachozikata.

Kutoka ncha mbili za seli huchipua vijibomba vyembamba vya protini, ambavyo hurefuka na kufupika mfululizo kana kwamba vinapapasa gizani, hadi kimoja kinapogusa mahali maalumu kwenye kromosomu paitwapo kinetokori. Kila nakala ina kinetokori yake, na inatakiwa ishikwe kutoka ncha moja wakati mwenzake ameshikwa kutoka ncha ya pili. Seli haina macho ya kuona kama imeshika sawasawa. Hujua kwa mkazo, kama vile katika mchezo wa kuvutana kamba: pande zote mbili zikivuta, kamba hukaza, na ikiwa wote wanavuta kutoka upande mmoja, kamba hulegea. Mwanasayansi Bruce Nicklas alilithibitisha jambo hili nchini Marekani katika miaka ya 1960 kwa njia ambayo hadi leo hunistaajabisha. Alichukua seli za panzi zilizokuwa zikigawanyika, akaingiza sindano ya kioo nyembamba kupita kiasi, na kuivuta kromosomu iliyoshikwa vibaya ili kuleta mkazo. Kadiri alivyoendelea kuivuta, seli iliukubali ule mshiko mbaya kana kwamba ni sahihi. Alipoacha, mshiko ulifunguka na kromosomu ikatafuta mshiko mwingine. Leo tunajua kuwa kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini, vinavyofungua kila mshiko usio na mkazo, ili vijibomba vijaribu tena.

Wakati hayo yakiendelea, kinetokori yoyote ambayo bado haijashikwa hutoa ishara ya kusimamisha kazi nzima. Hata ikiwa moja tu kati ya zote 92, seli husubiri. Ishara hiyo inaponyamaza ndipo kimeng'enya kiitwacho separasi, ambacho kilikuwa kimefungiwa na protini nyingine, huachiliwa na kuzikata pete za kohesini, na doti zote huachana karibu kwa wakati mmoja. Vipande huanza safari kuelekea kwenye ncha zao kwa mwendo wa takriban mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa dakika, na baada ya muda mfupi kila upande una kromosomu 46 kamili. Uboho wetu hutengeneza chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2 kwa kila sekunde, nazo hutokana na seli zinazogawanyika kwa utaratibu huu huu. Anayeelewa wingi huo hawezi kushangaa kwamba makosa hutokea. Mimi hushangaa kwamba ni machache hivyo.

Mgawanyiko unaotengeneza mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume, uitwao meiosisi, ni tofauti, na ndio unaotuhusu katika kisa hiki. Yai linatakiwa libaki na kromosomu 23 tu, ili likikutana na mbegu yenye 23 nyingine mtoto awe na 46. Kwa hiyo seli hugawanyika mara mbili mfululizo. Katika mara ya kwanza hakuna doti inayokatwa. Doti iliyotoka kwa baba na doti ya namba ile ile iliyotoka kwa mama husimama pamoja zikiwa zimeshikana, kisha kila moja huenda upande wake ikiwa nzima. Katika mara ya pili ndipo kila doti hukatwa katikati. Ili jambo hilo liwezekane, pete za katikati ya kila doti lazima zilindwe zisikatwe katika mara ya kwanza, wakati pete za pembeni zinakatwa. Mlinzi wa pete hizo ni protini ambayo watafiti wa Japani waliipa jina mwaka 2004 kwa neno la lugha yao lenye maana ya roho mlinzi: shugoshini.

Sasa afikirie msomaji wakati ambao kazi hii hufanyika. Msichana huanza kutengeneza mayai yake akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kromosomu hunakiliwa, doti hushikana mbili mbili, pete hufungwa, kisha kila kitu husimama. Husimama kwa miaka. Yai litakalotoka mwanamke akiwa na miaka 26 limeshikilia doti zake kwa zaidi ya miaka 26, na litakalotoka akiwa na 40 limezishikilia kwa zaidi ya 40. Mgawanyiko wa kwanza hukamilika yai linapokaribia kutoka, na wa pili hukamilika baada ya mbegu ya kiume kuingia. Utafiti uliofanywa kwa panya na kwa mayai ya binadamu unaonyesha kwamba pete zile zilizofungwa kabla ya mwanamke kuzaliwa hazibadilishwi kwa mpya ipasavyo, bali hupungua kadiri miaka inavyopita. Zikipungua mno, doti mbili huachana mapema kabla vijibomba havijazipanga, na kila moja hufuata upande wowote. Wakati mwingine zote mbili huishia upande mmoja. Isitoshe, ule ulinzi wa kusubiri kinetokori ya mwisho ni hafifu zaidi katika yai kuliko katika seli nyingine za mwili.

Yai likitoka na kromosomu mbili za namba 21 badala ya moja, nayo mbegu ikaleta ya tatu, mtoto atakuwa na 47. Hiyo ndiyo maana ya “47, XX, +21” kwenye karatasi ya jirani yangu: kromosomu 47 kwa jumla, mtoto wa kike, na namba 21 imezidi moja. Hakuna jina la ukoo wowote pale.

Inafaa pia wasomaji wajue jinsi hesabu hiyo hupatikana, maana jirani yangu alishuku kwamba huenda maabara imekisia. Chembe nyeupe za damu ya mtoto hulishwa na kuwekwa kwenye joto la mwili kwa siku 3 hivi zikigawanyika, kisha hutiwa dawa inayovunja vile vijibomba vinavyovuta. Kromosomu hubaki zimejipanga, zimesokotwa na kunenepa, lakini haziwezi kutengana. Seli huvimbishwa kwa maji yenye chumvi kidogo ili kromosomu zitawanyike, hupakwa rangi, hupigwa picha, na kila moja huwekwa kando ya mwenzake. Kwa maneno mengine, tunasimamisha kutengana ili tuweze kuhesabu. Hesabu hiyo iliwashinda hata mabingwa: kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilisema kwamba binadamu ana kromosomu 48, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan walipohesabu upya mjini Lund, Uswidi, na kutangaza mwaka 1956 kwamba ni 46. Miaka 3 tu baadaye, mwaka 1959, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin wa Ufaransa walitangaza kwamba watoto wenye hali ya Down wana 47. Hali yenyewe ilikuwa imeelezwa na daktari Mwingereza John Langdon Down tangu mwaka 1866, na kwa miaka 93 wazazi walilaumiwa kwa kila jambo lililoweza kufikiriwa.

Nieleze kwa uangalifu kuhusu kurithi, kwa sababu sitaki kusahihisha kosa kwa kuleta kosa jingine. Takriban asilimia 95 ya watu wenye hali ya Down wanayo kwa sababu ya kutotengana nilikokueleza, na wazazi wao wana kromosomu 46 za kawaida. Asilimia 3 hadi 4 wanayo kwa sababu sehemu kubwa ya kromosomu 21 imeungana na kromosomu nyingine, mara nyingi namba 14, na ni katika kundi hilo dogo tu ambapo mzazi mmoja, baba au mama, anaweza kuwa amebeba muungano huo bila yeye mwenyewe kuwa na dalili yoyote. Karatasi ya vipimo huutofautisha waziwazi, na hapo ndipo wazazi hushauriwa nao wapimwe. Waliobaki ni wachache ambao kosa lilitokea baada ya mimba kutungwa, katika mitosisi ya kawaida, hivyo baadhi ya seli zao zina 46 na nyingine 47. Karatasi iliyoandikwa “47, XX, +21” haiko katika lile kundi la kurithi.

Wala si haki kusema ni “kosa la mama” kwa sababu mara nyingi kutotengana hutokea katika yai. Ni kweli kwamba uwezekano huongezeka na umri: ni takriban 1 kati ya 1,200 kwa mwanamke wa miaka 25, takriban 1 kati ya 350 akiwa na miaka 35, na takriban 1 kati ya 100 akiwa na 40. Lakini wanawake vijana ndio wanaozaa watoto wengi zaidi, na kwa hiyo watoto wengi wenye hali ya Down huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kama jirani yangu. Mara chache kromosomu inayozidi hutoka kwenye mbegu ya baba. Hakuna chakula alichokula, kazi aliyofanya, wala mtu aliyemcheka akiwa mjamzito kilichoifanya doti moja ikose kutengana na nyingine. Nimeisikia hadithi ya kumcheka mlemavu katika mitaa mingi ya Nairobi, na nasikitika kwamba wanafunzi niliowafundisha mitosisi na meiosisi katika kidato cha tatu, wakaandika hatua zote kwa Kiingereza na kupata alama nzuri, huirudia wanapokuwa wazazi.

Jambo hilo la lugha linanigusa sana. Nilipomweleza jirani yangu kwa leso, akiwa amempakata mtoto, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza: “Sasa Mwalimu, ni nani aliyekata vibaya?” Katika miaka yangu yote darasani sikuwahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nilimjibu kwamba hakuna mkataji. Kuna pete zilizolegea, vijibomba vilivyopapasa, na ulinzi ambao safari hii haukusimamisha kazi. Akaniuliza pia kama mtoto wa pili atakuwa hivyo hivyo, nami nikamwambia kwamba kwa mama kijana ambaye karatasi ya mtoto wake inasoma kama hiyo, uwezekano ni takriban 1 kati ya 100, na kwamba amwombe daktari amweleze kwa kina kabla ya mimba nyingine. Nilimhimiza zaidi ampeleke mtoto akapimwe moyo, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi kati ya hizo hutibika zikigunduliwa mapema. Alikuwa hajaenda. Miezi ambayo ingetumika kwenda kliniki ilitumika kutafuta mgonjwa katika ukoo.

Kwa hiyo ninaomba, Mhariri, kwamba kuanzia sasa gazeti lako liieleze hali ya Down kuwa ni hali itokanayo na kromosomu kutotengana, na kwamba neno “kurithi” litumiwe tu pale panapozungumziwa ule muungano wa kromosomu niliouelezea. Ninaomba pia sahihisho hilo lichapishwe katika ukurasa ule ule wa afya, mahali pale pale, kwa maandishi yanayosomeka bila miwani. Mama mkwe wa jirani yangu hulisoma gazeti lenu kila wiki, na kile kipande cha mwezi uliopita bado amekiweka ndani ya Biblia yake.

Mwalimu mstaafu wa Biolojia,
Buruburu, Nairobi.